Kutumia Impakti kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kukaza Skrubu bila Kula Kichwa

Malalamiko yanayonifikia kuhusu bisibisi ya umeme yenye mapigo, ile ambayo mafundi wengi huiita impakti kwa ufupi, ni matatu tu: skrubu imeliwa kichwa, yaani msalaba wake umesagika, skrubu imekatika ndani ya mbao, au ubao umepasuka. Kijana mmoja aliniletea mashine mpya karakanani, akaiweka juu ya meza na kusema, "Ami, mashine hii mbovu, imekula skrubu kumi." Nilichukua mashine ile ile, biti ile ile (ile ncha inayoingia kwenye kichwa cha skrubu) na skrubu zilizobaki katika pakiti ile ile, nikazikaza zote. Mashine ilikuwa nzima.

Kosa lake ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Impakti inajua kuzungusha, tena kwa nguvu nyingi, lakini haijui kusukuma. Kusukuma biti ikae ndani ya kichwa cha skrubu ni kazi ya mwili wako, na anayeiachia mashine kazi hiyo ataendelea kununua skrubu mpya kila wiki.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, ukitumia mabaki ya mbao, kabla hujagusa mlango au kabati la mtu.

Vitu vya kuandaa

Impakti ya betri. Ya 18V inatosha kwa kazi zote za mwongozo huu. Maandishi ya "20V Max" yasikubabaishe, kwa kuwa betri ya aina hiyo na ile ya 18V zote huwa na seli tano zilizoungwa mfululizo, kila moja ikiwa na 3.6V, hiyo 20 ni kipimo cha betri iliyotoka tu kwenye chaja kabla haijaanza kazi.

Chaja inayokubali umeme wa hapa. Soma kibandiko chake kabla ya kuichomeka. Umeme wa Kenya ni 240V, ilhali mashine nyingi zilizotumika huingia Mombasa zikiwa na chaja za Marekani za 120V au za Japani za 100V. Chaja ya namna hiyo ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua mara moja, na pengine betri iharibike pamoja nayo. Ama utafute transfoma ya kupunguza umeme, ama ununue chaja ya 240V inayolingana na betri yako.

Biti mbili, PH2 na PZ2 (PH ni Phillips, PZ ni Pozidriv, na 2 ni saizi). Chagua zilizoandikwa kwamba zinahimili mapigo, zenye mkia wa pembe sita wa robo inchi. Biti za kawaida ni ngumu lakini hazina unyumbufu, kwa hiyo hukatika ncha zikipigwa. Chukua zenye urefu wa milimita 50 badala ya zile fupi za 25, kwa sababu biti ndefu hukuwezesha kuona kama umesimama wima juu ya skrubu.

Skrubu 40 za mbao, unene wa milimita 4 na urefu wa milimita 50. Usinunue zile nyeusi za bodi za jipsamu. Nawaona watu wakizitumia kwa kila kitu kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini zimefanywa ngumu mno hivi kwamba hukatika shingo ghafla, na rangi ile nyeusi haizikingi na hewa ya chumvi. Kwa kazi ya ndani tumia zilizopakwa zinki. Kwa kazi ya nje, hasa nyumba zilizo karibu na ufuo kama za Nyali au Bamburi, tumia za chuma kisichoshika kutu, nawe ujue kwamba hizo ni laini zaidi na ni lazima zitangulizwe tundu.

Mbao za aina mbili. Vipande viwili vya saipresi kwa mazoezi ya mwanzo, na kipande kimoja cha mbao ngumu kama mvule. Seremala yeyote aliye jirani atakupa mabaki.

Vingine: biti za kutobolea za milimita 2.5, 3 na 4.5, jiliwa au vibano viwili, bisibisi ya mkono, kipande cha mshumaa, miwani ya kinga na vifunika masikio. Vifunika masikio si anasa. Mapigo ya chuma kwa chuma ndani ya chumba kidogo hufikia kelele inayoweza kudhuru masikio, nawe hutatambua hasara hiyo siku hiyo hiyo.

Kinachotokea ndani ya mashine

Nalieleza hili kwa ufupi kwa sababu bila yake hatua ya tano na ya sita hazitaeleweka. Ndani ya impakti mna nyundo ndogo inayozunguka pamoja na mota, na mbele yake pana fuawe inayoshika biti. Skrubu inapoingia kwa urahisi, nyundo na fuawe huzunguka pamoja na mashine husikika kama keekee ya kawaida. Skrubu inapokuwa nzito, nyundo hurudi nyuma ikiisukuma springi, huruka pembe za fuawe, kisha huipiga kwa upande, tena na tena, zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti ya "tatatata" unayoisikia.

Mapigo hayo huelekea upande wa mzunguko, hayaelekei mbele. Kwa hiyo impakti si mashine ya kutobolea ukuta, na kuta za mawe ya matumbawe za nyumba zetu za zamani zinahitaji keekee yenye mapigo ya mbele. Pia, kwa kuwa nyundo hupiga vipande vipande, mkono wako hausokotwi kama unavyosokotwa na keekee. Faida hiyo ina ubaya wake: mkono hauhisi nguvu inayotumika, na anayeanza hudhani ametumia nguvu kidogo hadi kichwa cha skrubu kinapokatika. Hapo sikio ndilo linaloshika kazi ya mkono.

Hatua ya 1: Kagua mashine kabla ya kuweka betri

Betri ikiwa nje, tafuta swichi ya mwelekeo iliyo juu ya kifyatulio. Ina nafasi tatu: kukaza, kufungua, na katikati ambapo kifyatulio hufungwa. Iache katikati, kisha vuta kola ya mdomo wa mashine mbele, ingiza biti, achilia kola na uivute biti kwa vidole. Ikitoka, haikuingia sawasawa.

Kunja mikono ya kanzu au shati, funga ncha za mtandio au kanga, na ufunge nywele ndefu nyuma. Glavu pana za kitambaa ziweke kando pia, kwa sababu hushikwa na biti inayozunguka. Sasa weka betri mpaka isikike ikijifunga.

Umefaulu ikiwa: kifyatulio hakibonyei swichi ikiwa katikati, na biti haitoki kwa kuvutwa.

Hatua ya 2: Linganisha biti na skrubu

Hapa ndipo vichwa vingi huanza kuliwa, hata kabla mashine haijawashwa. Tazama msalaba wa kichwa cha skrubu. Ukiona msalaba mtupu, hiyo ni PH. Ukiona vijistari vinne vyembamba kati ya mikono ya msalaba, hiyo ni PZ. Biti ya PH huingia katika skrubu ya PZ na kuonekana imekaa, lakini imekaa juu juu, na ikipigwa huruka.

Jaribio lake ni rahisi. Toa biti kwenye mashine, ingiza ncha yake katika kichwa cha skrubu na uitikise kwa vidole. Ikicheza, si yake. Ikiwa ncha ya biti imeshaviringika kwa uzee, itupe. Biti ni kitu cha kuisha, kama msasa, na kuibania kunagharimu zaidi kwa skrubu zinazoharibika.

Hatua ya 3: Funga mbao na utoboe tundu la kutangulia

Weka vipande viwili vya saipresi kimoja juu ya kingine na uvibane kwa vibano. Usivishike kwa mkono wala kwa goti, maana biti ikiteleza itatafuta kitu laini kilicho karibu.

Tundu la kutangulia huondoa mbao pale ambapo kiini cha skrubu kitakaa, huku likiacha mbao ya kuumwa na hesi, yaani ile mistari ya mzunguko. Kwa skrubu ya milimita 4, tumia biti ya milimita 2.5 kwenye saipresi na milimita 3 kwenye mvule. Kama huna uhakika na skrubu nyingine, iweke biti ya kutobolea mbele ya skrubu na uzitazame kwenye mwanga: biti inapaswa kufunika kiini chote na kuacha hesi zionekane pande zote mbili.

Ubao wa juu unahitaji jambo la ziada ambalo wengi hulisahau. Tundu lake lipanuliwe hadi milimita 4.5 ili hesi zisiume ubao huo, bali ziume ule wa chini pekee. Zikiuma mbao zote mbili, hubakiza mwanya katikati, na kadiri unavyokaza ndivyo mwanya unavyobaki vile vile, hata kichwa kizame ndani ya ubao. Nimeona makabati yaliyokazwa kwa nguvu zote yakicheza kama meno ya mtoto kwa sababu hiyo.

Toboa angalau sentimita nne kutoka mwisho wa ubao. Karibu zaidi ya hapo, mbao hupasuka kufuata nyuzi zake, na mbao kavu hupasuka haraka zaidi.

Umefaulu ikiwa: skrubu inapita katika ubao wa juu kwa vidole bila kuzungushwa, na inasimama kwenye tundu la ubao wa chini.

Hatua ya 4: Simama na ushike ipasavyo

Usiishike impakti kama bunduki ya kuchezea, mkono ukiwa chini kabisa ya mpini. Uweke mkono juu, mkunjo kati ya kidole gumba na cha shahada ukiwa nyuma ya mota, ili kiganja, mota, biti na skrubu vifuate mstari mmoja. Kiwiko kiwe nyuma ya mstari huo huo. Mkono wa pili uweke nyuma ya mashine, usiuweke karibu na biti.

Simama mahali ambapo uzito wa kifua unaweza kuegemea mashine. Kama kazi iko chini ya kiuno, piga goti badala ya kuinama, kwa sababu anayeinama husukuma kwa pembe, na biti iliyoinama hata kidogo hugusa upande mmoja tu wa msalaba.

Hatua ya 5: Anza kwa mizunguko mitatu

Kabla hujabonyeza chochote, sukuma. Weka biti katika skrubu, egemea kwa uzito wako, kisha ndipo ubonyeze kifyatulio kidogo tu, kiasi kwamba ungeweza kuihesabu mizunguko. Moja, mbili, tatu, halafu achilia. Tazama kama skrubu imesimama wima kutoka pande mbili. Ikiwa imelala, irudishe na uanze upya. Hainyooshwi ikiwa njiani.

Sababu ya kwenda polepole ni hesabu tu. Impakti nyingi za 18V hufikia karibu mizunguko 3,000 kwa dakika, ambayo ni 50 kwa sekunde. Skrubu ya milimita 50 ambayo husogea kama milimita 2 kwa kila mzunguko inahitaji mizunguko 25 kuingia yote. Anayebonyeza kifyatulio hadi mwisho amejipa nusu sekunde ya kugundua kosa na kulirekebisha, na hakuna jicho linalowahi hapo.

Kama mashine yako ina kitufe cha kuchagua mwendo, chagua wa chini kabisa kwa siku zote za mazoezi.

Hatua ya 6: Sikiliza mapigo yanapoanza

Skrubu ikisimama sawa, ongeza mwendo hadi nusu ya kifyatulio. Mahali fulani katikati ya safari sauti itabadilika kutoka mlio laini kuwa "tatatata". Wengi hushtuka hapo na kulegeza mkono, na hapo hapo ndipo biti huruka na kula kichwa. Fanya kinyume: sauti ikibadilika, ongeza kusukuma na upunguze kifyatulio. Acha nyundo ifanye kazi yake. Wewe hakikisha tu kwamba biti haitoki kwenye shimo lake.

Mapigo yakianza mapema sana, kabla skrubu haijafika nusu, tundu la kutangulia ni dogo au ni fupi. Usishindane na mbao. Toa skrubu, panua tundu, na upake hesi nta ya mshumaa. Wazee wengi hutumia sabuni ya kipande, nayo hulainisha kweli, lakini sabuni huvuta unyevu, na kwa hewa ya Mombasa skrubu hiyo itaota kutu ndani ya mbao bila wewe kujua.

Hatua ya 7: Malizia kwa miguso

Kichwa kikibakiza milimita tano hivi kugusa ubao, achilia kifyatulio kabisa. Malizia kwa miguso mifupi, kila mguso ukiwa na mapigo machache, ukitazama kichwa baada ya kila mmoja. Simama kichwa kinapokuwa sawa na uso wa ubao. Impakti nyingi hazina klachi inayojiachia kama ya keekee ya betri, kwa hiyo hakuna kitakachokusimamisha isipokuwa wewe.

Umefaulu ikiwa: kichwa kiko sawa na ubao, msalaba wake una kingo safi, hakuna chembechembe za chuma zinazong'aa juu yake, na karatasi haipiti kati ya mbao mbili. Chembechembe hizo ni dalili kwamba biti iliteleza hata kama skrubu iliingia, na skrubu hiyo itakusumbua siku ya kuitoa.

Hatua ya 8: Rudia mara 20, kisha hamia mbao ngumu

Kaza skrubu 20 katika saipresi. Usihesabu zilizoharibika, endelea mpaka upate kumi mfululizo zilizo safi. Ndipo uhamie kwenye mvule, ambako mapigo yataanza mapema na sauti itakuwa kali zaidi. Skrubu ikiacha kusogea kwenye mvule huku mapigo yanaendelea, achilia mara moja. Sekunde mbili zaidi na shingo itakatika, nawe utabaki na kipande kisichokuwa na pa kushika.

Hatua ya 9: Jifunze kutoa

Geuza swichi ya mwelekeo mashine ikiwa imesimama kabisa. Kutoa kunataka msukumo mkubwa kuliko kukaza, ingawa watu hufikiri kinyume, kwa kuwa mapigo huanza tangu mguso wa kwanza. Skrubu ya zamani iliyoota kutu ikwangue kwanza msalaba wake kwa ncha ya msumari hadi biti izame, kisha uikaze kidogo sana kabla ya kuifungua, ili kuivunja kutu.

Kichwa kikiwa kimeliwa tayari, acha mashine. Kama kimejitokeza juu ya ubao, kibane kwa koleo na uzungushe kwa mkono.

Skrubu za mabati

Nimeombwa nieleze hili kwa sababu wengi huinunua impakti kwa ajili ya paa. Kwa skrubu zinazojitoboa zenyewe zenye kichwa cha pembe sita, tumia soketi yenye sumaku, mara nyingi ya milimita 8. Ncha inapotoboa chuma, sukuma kwa uthabiti na mwendo uwe wa kadiri. Mwendo mkali huunguza ncha kabla haijapenya.

Angalia washa ya mpira, ile pete iliyo chini ya kichwa cha skrubu. Inapaswa kuvimba hadi ukingoni mwa washa ya chuma, isipite hapo. Ukiikamua ikatoka nje, itapasuka kwa jua na paa litavuja msimu wa mvua za masika. Vilevile fagia chembe za chuma kabla ya kushuka, kwa sababu chembe hizo hushika kutu juu ya mabati na kuacha madoa. Kazi hii ifanyeni wawili, mmoja akishika ngazi.

Kazi ambazo impakti isishike

Skrubu za shaba ya manjano za bawaba na makomeo hukatika kwa mapigo machache tu. Kaza kwanza skrubu ya chuma ya kipimo hicho hicho ili ikate njia ya hesi, itoe, kisha uweke ya shaba kwa bisibisi ya mkono. Skrubu za soketi na swichi za umeme nazo ni za mkono, kwani plastiki yake hupasuka.

Nati za magurudumu ya tuktuk au gari zisikazwe kwa impakti hii hata kwa kiunganishi cha soketi. Hukazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kadiri aliyoitaja mtengenezaji, nayo impakti haina njia ya kukuambia imefika wapi.

Ukimaliza kazi

Toa betri kabla ya kutoa biti. Futa mdomo wa mashine kwa kitambaa kikavu, kisha upitishe kingine chenye tone moja la mafuta kwenye kola, kwa sababu kola ndiyo hukwama kwanza kwa chumvi. Betri ikiwa ya moto, iache ipoe kivulini kabla ya kuichaji. Chaja nyingi huikataa hadi ipoe. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kama hutaitumia kwa mwezi mmoja au zaidi, ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pakavu, nje ya mashine.